Waulizwe sababu, wasiulizwe tarehe peke yake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Kila baada ya muda hutokea mwanasiasa, leo wa nchi hii, kesho wa nchi ile, akaulizwa katika mahojiano ya runinga swali la historia ambalo mtoto wa shule angetarajiwa kulijua, akababaika, akajiumauma, na mwisho akatoa jibu ambalo halipo popote. Kipande hicho cha video huzunguka mitandaoni, magazeti hukiwekea kichwa cha habari cha kejeli, watu hucheka siku mbili tatu, kisha jambo likasahaulika. Nimefundisha somo la Historia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na kicheko hicho hakijapata kunifurahisha hata mara moja. Naona kinatuondoa kwenye jambo lenyewe. Tunamcheka mtu kwa kusahau, kosa ambalo hakuna binadamu asiyelitenda, huku tukimwachia makosa mawili mazito zaidi, yaani kubuni jibu la jambo asilolijua na kulificha lile analolijua.

Nianze na kisa ambacho wengi wanakikumbuka. Tarehe 21 Julai 2007, siku ya taifa ya Ubelgiji, Yves Leterme, ambaye wakati huo alikuwa amekabidhiwa kazi ya kuunda serikali baada ya uchaguzi wa Juni, aliulizwa na mwandishi wa televisheni ya umma ya wasemaji wa Kifaransa kwamba siku hiyo inaadhimisha nini. Alijibu kuwa inaadhimisha kutangazwa kwa katiba. Haikuwa hivyo. Katiba ya Ubelgiji ilipitishwa mwezi Februari 1831, na 21 Julai ya mwaka huohuo ni siku ambayo Leopold wa Kwanza alikula kiapo akawa mfalme wa kwanza wa nchi hiyo. Mwandishi aliendelea kwa kumuuliza kama anayajua maneno ya Kifaransa ya wimbo wa taifa, naye akaanza kuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa.

Dunia ilicheka, lakini tukilitazama jibu lake la kwanza kwa utulivu, tutaona kwamba halikuwa mbali sana na ukweli, kwa sababu kiapo cha Leopold kilikuwa kiapo cha kuifuata katiba hiyohiyo. Laiti angesema kwamba hakumbuki tukio lenyewe ila anajua kuwa linahusu mwanzo wa ufalme ulio chini ya katiba, mwalimu yeyote mwenye haki angempa alama zake. Kilichowauma watu kilikuwa kingine. Leterme alitoka upande wa wasemaji wa Kiholanzi, na alikuwa akiomba kuongoza nchi ambayo jamii zake mbili kubwa za lugha zimeishi kwa kutiliana shaka kwa vizazi kadhaa. Msemaji wa Kifaransa aliyekuwa akimtazama siku ile hakusikia mtu aliyekosea tarehe, bali alisikia mtu ambaye hajawahi kujishughulisha kujua ni kitu gani kilichowaweka wote chini ya bendera moja. Swali lilionekana dogo, lakini ndani yake lilikuwa limebeba swali kubwa kuliko yote anayoweza kuulizwa mtu anayetaka kuiongoza nchi ile. Leterme akawa waziri mkuu mwezi Machi 2008, akaondoka, akarudi, na ndiye aliyekaa kwenye kiti hicho kama kiongozi wa serikali ya muda wakati Ubelgiji ilipopitisha siku 541 bila serikali kamili baada ya uchaguzi wa Juni 2010. Sisemi hata kidogo kwamba mahojiano yale ndiyo yaliyoleta mkwamo huo. Nasema tu kwamba mpasuko ambao swali la mwandishi liliugusa ulikuwa wa kweli, na kwa hiyo swali halikuwa la mchezo.

Kuna maswali mengine, kinyume chake, ambayo ni ya mchezo, na waulizaji wangestahili kuambiwa hivyo waziwazi. Mwezi Novemba 1999, George W. Bush, akiwa gavana wa Texas na mgombea wa urais wa Marekani, alitakiwa na mwandishi wa televisheni moja ya Boston ataje majina ya viongozi wa Chechnya, Taiwan, India na Pakistan. Aliweza kutoa sehemu ya jina la kiongozi wa Taiwan tu. Kuhusu Pakistan, ambako jeshi lilikuwa limetwaa madaraka mwezi uliotangulia, alijua kwamba mtawala ni jenerali lakini jina halikumjia. Watu walicheka sana. Miaka miwili baadaye jenerali huyohuyo alikuwa mshirika ambaye Marekani isingeweza kuingia Afghanistan kwa urahisi bila yeye. Swali ambalo lingetufaa lilikuwa ni kwa nini jeshi la Pakistan limeipindua serikali ya kiraia kwa mara nyingine tena, na Marekani imewahi kunufaika au kuumia vipi kwa kushirikiana na majenerali wa nchi hiyo. Hilo halikuulizwa, kwa kuwa jibu lake lisingeenea katika nusu dakika.

David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, naye alikutana na jambo kama hilo mwezi Septemba 2012, alipokuwa mgeni wa David Letterman katika kipindi chake cha usiku huko New York. Aliulizwa kuhusu Magna Carta. Mwaka aliujua, ni 1215, na mahali alipajua, ni Runnymede. Aliposhindwa ni pale alipotakiwa kutafsiri maneno hayo mawili ya Kilatini, ambayo maana yake ni Mkataba Mkuu. Vichwa vya habari vya siku iliyofuata vilihusu tafsiri hiyo. Mimi nilisikitika, na si kwa ajili ya Cameron. Nilisikitika kwa sababu hakuna aliyemuuliza waziri mkuu aliye madarakani kwamba mkataba ule ulimkataza mfalme kufanya nini. Hati ile inasema kwamba mtu huru asikamatwe wala kufungwa wala kunyang'anywa mali yake ila kwa hukumu halali ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi. Kiongozi anayejua maneno hayo yalitoka wapi, na ni baada ya dhuluma zipi za mfalme John, ataulizwa kuhusu watu wanaoshikiliwa bila kufikishwa mahakamani na atalazimika kujipima kwa kipimo hicho mbele ya watazamaji. Tafsiri ya Kilatini haimpimi mtu chochote.

Kosa ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zito zaidi Cameron alilifanya miaka miwili kabla ya hapo, mwezi Julai 2010, akiwa ziarani Marekani, alipoiambia televisheni ya Sky kwamba mwaka 1940 Uingereza ilikuwa mshirika mdogo wa Marekani katika kupigana na Wanazi. Mwaka 1940 Marekani haikuwa vitani. Iliingia mwezi Desemba 1941, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Ufaransa ilikuwa imeanguka mwezi Juni 1940, na waliobaki wakipigana walikuwa Waingereza pamoja na watu wa himaya yao, wakiwemo vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa tayari wamevaa sare za King's African Rifles, ambao wengi wao hawakuwahi kuulizwa kama vita ile ni yao. Ilielezwa baadaye kwamba alikusudia miaka ya 1940 kwa jumla, na sina sababu ya kutoamini maelezo hayo. Hata hivyo ulimi ulipoteleza, waliofutwa ni watu, na wazee waliokuwa hai siku hiyo na makovu ya vita mwilini walikuwa na haki ya kuumia. Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu: kuna kosa linalokosesha alama na kuna kosa linalomtoa mtu katika historia aliyoifanya kwa damu yake.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho ndicho hasa kilichonisukuma kuandika barua hii, ingawa aliyeuliza hakuwa mtangazaji bali mpiga kura wa kawaida mbele ya kamera. Tarehe 27 Desemba 2023, katika mji wa Berlin, jimbo la New Hampshire, Nikki Haley, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais wa Marekani, aliulizwa na mwananchi: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilisababishwa na nini? Kwanza alisema kwamba si swali jepesi. Kisha akazungumzia namna serikali inavyopaswa kuendeshwa, uhuru wa watu, na mambo ambayo watu wangeruhusiwa au wasingeruhusiwa kuyafanya. Neno utumwa halikutoka kinywani mwake. Muulizaji alipomwambia kwamba anashangaa kusikia jibu lisilo na neno hilo mwaka 2023, Haley alimuuliza anataka yeye aseme nini kuhusu utumwa, kisha akaomba swali jingine. Kesho yake, katika mahojiano ya redio, alisema kwamba bila shaka vita ile ilihusu utumwa.

Ndugu wasomaji watafakari ni nani aliyeulizwa. Haley alikuwa gavana wa South Carolina kuanzia mwaka 2011 hadi 2017. South Carolina ndilo jimbo lililotangulia kujitenga na Marekani, tarehe 20 Desemba 1860, na siku nne baadaye wajumbe wake walitoa tamko la kueleza sababu za kujitenga. Tamko hilo halimfichi mtu kitu. Linalalamikia waziwazi uhasama wa majimbo yasiyo na watumwa dhidi ya utumwa, na linalalamikia kwamba majimbo hayo yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Waliojitenga wenyewe waliandika sababu yao na kuitia saini. Zaidi ya hayo, mwezi Juni 2015, watu weusi 9 waliuawa kwa risasi wakiwa kanisani mjini Charleston na kijana aliyeabudu ubaguzi, na wiki chache baadaye Haley mwenyewe ndiye aliyetia saini sheria ya kuiondoa bendera ya majimbo yaliyojitenga katika viwanja vya bunge la jimbo. Mtu huyo hakuwa hajui. Alikuwa miongoni mwa wanasiasa wachache waliowahi kulazimika kuitazama historia hiyo usoni na kuitolea uamuzi, na nakiri kwamba uamuzi aliouchukua mwaka 2015 ulihitaji moyo.

Basi kwa nini alishindwa? Siwezi kuingia moyoni mwa mtu, lakini naweza kuutazama wakati. Uchaguzi wa awali wa chama chake ulikuwa umebakiza wiki chache, na ndani ya chama hicho wapo wapiga kura ambao hawapendi kuambiwa kwamba mababu zao walipigania haki ya kumiliki binadamu. Jibu la ukweli lingeweza kumgharimu kura, na jibu la uongo lingeweza kumgharimu heshima, kwa hiyo alichagua maneno ambayo hayasemi lolote. Katika vita ile walikufa askari wasiopungua 620,000, na mwishoni mwake watu wapatao milioni 4 waliacha kuwa mali ya watu wengine. Ukiwaeleza wajukuu wa watu hao kwamba yote hayo yalihusu namna serikali inavyoendeshwa, umewaambia kwamba minyororo ya mababu zao haistahili kutajwa. Ndiyo maana nakataa kuliweka jambo hili kwenye fungu moja na kusahau jina la jenerali. Kusahau kunatibiwa na kitabu, ilhali kuficha kunaendelea hata pale mtu anapokuwa na vitabu vyote mkononi.

Na kuna jambo moja linaloniuma zaidi katika kisa hicho. Mgeni anayeomba uraia wa Marekani hufanyiwa mtihani wa uraia. Katika mtihani uliotumika tangu mwaka 2008, kulikuwa na maswali 100 ya kujifunza, mwombaji akaulizwa 10 kati ya hayo na kutakiwa apate angalau 6. Mojawapo ya maswali hayo 100 linamtaka ataje tatizo moja lililosababisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jibu la kwanza kabisa lililoandikwa katika orodha ya majibu yanayokubaliwa ni utumwa. Uingereza nayo, tangu mwaka 2005, humtaka anayeomba uraia afanye mtihani wa maisha ya nchi hiyo, maswali 24, apate angalau 18, na mwaka 2013, chini ya serikali ya Cameron huyohuyo, kitabu cha kujiandalia mtihani huo kiliongezewa historia. Sipingi mitihani hiyo. Ninachouliza ni kwa nini mtu anayekuja kufagia ofisi atakiwe kuijua historia ya nchi kwa hofu ya kunyimwa uraia, na anayekuja kuitawala ofisi hiyohiyo aruhusiwe kusema tu kwamba swali ni gumu.

Wapo wanaodhani dawa yake ni kuwataka wagombea wawe na elimu kubwa. Kisa cha Canada kinaonyesha vinginevyo. John McCallum, aliyeteuliwa kuwa waziri wa ulinzi mwaka 2002, alikuwa na shahada ya uzamivu ya uchumi na alikuwa amefundisha chuo kikuu. Mwezi Agosti mwaka huo, wakati wa kumbukumbu ya miaka 60 ya shambulio la Dieppe, alikiri kwamba kabla ya hapo hakuwa amewahi kusikia habari zake. Dieppe, tarehe 19 Agosti 1942, ni mahali ambapo Wakanada karibu 5,000 walipelekwa kushambulia ufukwe uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakafa 907 na wengine wengi zaidi kutekwa. Waziri alisutwa sana. Akaandika barua kwa mhariri wa gazeti moja ili kujieleza, na ndani yake, mahali pa kuandika Vimy, mlima ambao Wakanada waliutwaa mwaka 1917 kwa gharama ya maisha ya maelfu yao, akaandika Vichy, mji wa serikali ya Kifaransa iliyoshirikiana na Wanazi.

Ni kosa la kusikitisha, na familia za waliokufa zilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kuhusu Dieppe McCallum alifanya jambo moja ambalo nalithamini kuliko ujanja wote wa Haley: alikiri. Nchi ikapata nafasi ya kujiuliza shule zake zinafundisha nini hata profesa akafikia umri ule bila kusikia neno Dieppe. Swali hilo halingezuka kama angebuni sentensi mbili tatu za kuwasifu mashujaa kisha akapita. Tumewazoesha wanasiasa kuamini kwamba neno "sijui" ni kifo, na kwa kuliogopa neno hilo wanafanya mambo mabaya zaidi. Wahenga walikuwa wameshatwambia kwamba kuuliza si ujinga, na sioni kwa nini kukiri uhitaji wa kuuliza kuwe ni aibu kwa waziri wakati si aibu kwa mtoto wa darasa la saba.

Hapa lazima sisi walimu tuchukue sehemu yetu ya lawama. Kwa miaka mingi tumeifundisha historia kama ghala la tarehe. Mwanafunzi hukariri kwamba tukio fulani lilikuwa mwaka fulani, hulitapika kwenye karatasi ya mtihani, na baada ya miezi mitatu halimo tena kichwani. Wanasiasa tunaowacheka leo ni wanafunzi wetu wa jana, na wengine walifaulu kwa alama za juu. Mimi mwenyewe niliwahi kuliambia darasa langu kwamba uamuzi wa nchi za Afrika kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni ulipitishwa Addis Ababa mwaka 1963, siku Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipozaliwa. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akasema, kwa adabu kubwa, kwamba alisoma mahali kuwa ni Cairo, mwezi Julai 1964. Nilimwambia nitaangalia. Usiku ule niliangalia nikakuta yeye ndiye mwenye ukweli, na asubuhi nikasimama mbele ya darasa lilelile nikasema hivyo.

Nakumbuka somo la asubuhi ile kuliko masomo mengi niliyoyaandaa kwa makini, kwa sababu wanafunzi waliuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa: kwa nini wasubiri mwaka mzima? Ikabidi tuchimbe. Tukaona kwamba kati ya Mei 1963 na Julai 1964 Morocco na Algeria zilikuwa zimepigana mpakani, mwezi Oktoba 1963, na mwanzoni mwa 1964 Ethiopia na Somalia nazo zikapigana. Viongozi waliokwenda Cairo walikuwa wameshaona damu. Morocco na Somalia hazikukubali kufungwa na azimio lile, na mwaka 1977 majeshi ya Somalia yakaingia Ogaden, upande wa Ethiopia. Tarehe niliyoikosea ilikuwa imeificha sababu yote hiyo. Tangu siku hiyo sikumuuliza tena mwanafunzi "lini" bila kumuuliza "kwa nini wakati huo", na ningependa kumsikia mtangazaji akimuuliza hivyohivyo mwanasiasa yeyote anayezungumzia mpaka wa nchi yake na jirani. Atakayekuwa hajui ataonekana mara moja, bila mtego wowote, na atakayekuwa anajua atatufundisha sote.

Namna ya kuuliza ina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika mdahalo wa wagombea urais wa Marekani wa tarehe 6 Oktoba 1976, kati ya Rais Gerald Ford na mpinzani wake Jimmy Carter, Ford alisema kwamba hakuna utawala wa mabavu wa Urusi ya Kisovieti katika Ulaya Mashariki, na kwamba hautakuwepo chini ya serikali yake. Vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia Budapest mwaka 1956 na Prague mwaka 1968, mambo ambayo mtu mzima yeyote wa wakati ule alikuwa ameyasoma gazetini yalipokuwa yakitokea. Mwandishi Max Frankel hakumcheka wala hakuharakia swali lililofuata. Alimrudishia kauli yake ili aifikirie tena. Ford akang'ang'ania, akitaja Yugoslavia, Romania na Poland kama nchi zinazojitegemea, na ilimchukua siku kadhaa kukubali kwamba alikosea. Mwezi uliofuata alishindwa uchaguzi. Wengi husimulia kisa hicho kwa ajili ya kosa la Ford, lakini mimi huwaeleza vijana wanaotaka kuwa waandishi wa habari wamtazame Frankel: alimpa mtu nafasi ya pili, na nafasi hiyo ndiyo iliyotuonyesha kwamba haikuwa kuteleza kwa ulimi.

Wanasiasa wanaweza kujiandaa, na wapo wanaojiandaa. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kusini mwa Tanzania, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea watu wa huko wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo makadirio ya waliokufa, kwa mapigano na zaidi kwa njaa iliyosababishwa kwa makusudi, hufikia watu 300,000. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na akaahidi kuzipeleka habari hizo kwao Ujerumani ili watu wengi zaidi wazijue. Msamaha pekee haumalizi deni hilo, na suala la mafuvu na mabaki ya wafu yaliyochukuliwa bado linasubiri majibu. Lakini tofauti yake na jibu la New Hampshire ni dhahiri. Alilitaja jambo kwa jina lake, mbele ya watu waliodhulumiwa, akijua kwamba nyumbani kwake wapo wasiopenda lisemwe.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu la kwanza ni kwa watangazaji. Mnapomkaribisha mwanasiasa, mwacheni kando na chemshabongo ya majina na miaka. Mchukulieni kauli aliyoitoa yeye mwenyewe, ya mpaka, ya ardhi, ya katiba, ya deni la taifa, mkamuulize jambo hilo lilianzaje, nani aliumia, nani alinufaika, na serikali zilizotangulia zilijaribu nini zikashindwa. Akisema hajui, mheshimuni, kisha mumwalike tena baada ya mwezi mmoja mumuulize swali lilelile. Akibuni, msahihisheni palepale, kabla ya kipindi kwisha, kwa maana masahihisho ya kesho yake hayawafikii waliosikia uongo wa jana. Na akikwepa, rudieni swali kwa upole hadi watazamaji waone wenyewe kwamba limekwepwa.

Ombi la pili ni kwako na kwa wahariri wenzako. Habari nyingi nilizosoma kuhusu wanasiasa walioshindwa maswali ya historia hueleza jinsi mtu alivyotokwa jasho, mtangazaji alivyotabasamu na mitandao ilivyolipuka, kisha zinaishia hapo. Jibu sahihi ama halimo kabisa, ama limewekwa katika sentensi moja ya mwisho. Msomaji anabaki hajui, sawasawa na yule aliyechekwa. Naomba gazeti lako litenge aya tatu au nne, kila habari ya namna hiyo inapochapishwa, ili kueleza tukio lenyewe: lilikuwa lipi, kwa nini lilitokea wakati ule na si wakati mwingine, na ni akina nani bado wanabeba athari zake hadi leo. Kama hamna mwandishi wa kuzipitia, wapo walimu wastaafu wengi wa somo hili, mimi nikiwa mmojawapo, ambao wangefanya kazi hiyo bila kudai malipo.

Wako katika kulitumikia somo la Historia,

Mwalimu mstaafu